Andiko langu la karanga limekataliwa tena: niombe au niache?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mkufunzi katika chuo cha kilimo hapa Mtwara, nafundisha mazao ya mafuta na hifadhi ya mazao. Mara mbili nimeomba ruzuku ya serikali ya utafiti, ile ya kushindanisha maandiko, kwa mradi wa kupunguza sumukuvu kwenye karanga za wakulima wa Masasi na Nanyumbu. Mara zote nimekosa. Mara ya kwanza jibu lilikuwa mstari mmoja. Mara ya pili waliandika: 'Tatizo ni kubwa, lakini andiko halina swali la utafiti, sampuli haitoshi, ratiba haiendani na msimu.' Hapo ndipo sikuelewa. Wakulima wanapata hasara kila mwaka, wanataka swali gani tena? Niliomba turubai 300, mafunzo ya wakulima, pikipiki moja, na fedha za kupima sampuli 20. Wenzangu chuoni wananicheka, wanasema fedha hizo ni za vyuo vikuu na watu wa Dar na Morogoro, bila kujuana hupati. Na kuna kijana kanitumia ujumbe: kwa laki mbili ananiandikia andiko linalopita, na anaweza kuniombea hata ruzuku za Wizara ya Kilimo ya Marekani. Niombe tena au niache?"

Marahaba, mwalimu, na pole na kazi. Nisikuzungushe: omba tena. Ila usipeleke andiko lile lile ukiwa umebadilisha tarehe na jalada.

Unasema jibu la pili hulielewi. Mimi nikilisoma namwona mtu aliyelisoma andiko lako mpaka mwisho. Wapitiaji, yaani wataalamu wanaosoma na kupima maandiko, wengi wanasoma usiku baada ya kazi zao, na andiko lililowachosha hulimaliza kwa maneno kama "halikidhi vigezo" wakachukua lingine. Huyu amekubali kwamba tatizo ni kubwa, kisha akataja mambo matatu aliyoyakosa. Hiyo ni ramani. Tutayapitia yote, lakini la swali la utafiti ndilo lililokuangusha, kwa hiyo nitakaa nalo kwa muda.

Kwanza tuelewane hizi ni fedha za aina gani. Fedha za serikali zinafika kwenye utafiti na elimu ya kilimo kwa njia mbili. Moja ni mgao: mishahara, umeme, mafuta ya gari, fungu la kawaida la bajeti ambalo kituo kama Naliendele cha TARI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, au chuo chenu hupata kwa sababu kipo na kina majukumu. Njia ya pili ni ushindani: mfuko unatangaza mwito, unataja maeneo ya kipaumbele na ukomo wa fedha, watu wanaleta maandiko, machache yanachaguliwa. Kwetu mlango unaojulikana zaidi ni COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, kupitia Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia, yaani MTUSATE. Wakongwe wa Naliendele watakukumbusha pia kwamba enzi za ASDP ya kwanza, ile Programu ya Kuendeleza Sekta ya Kilimo, kulikuwa na mifuko ya utafiti ya kanda, nayo ilikuwa ya kushindania.

Si sisi peke yetu tunaofanya hivyo. Marekani wana njia hizo mbili kwa sheria mbalimbali: Sheria ya Hatch ya mwaka 1887 inagawa fedha kwa vituo vya utafiti vya majimbo kwa kanuni maalumu, na mpango wao mkubwa wa ushindani, AFRI, ulianzishwa kwa sheria ya kilimo ya mwaka 2008. Popote pale mantiki ni ile ile. Mgao unaweka taasisi hai. Ushindani unanunua majibu.

Hapo ndipo wewe na jopo la wapitiaji mlipopishana. Wewe uliandika kumwonyesha msomaji nani anaumia. Jopo lilikuwa linatafuta kitu kingine: tukimpa huyu fedha, mwisho wa mradi tutajua nini ambacho leo hatukijui, na je, ana uwezo wa kutufikisha huko? Andiko lako, kwa ulivyolieleza, lilikuwa na shida ya kweli, watu wa kweli, vifaa vya kweli. Halikuwa na jambo lisilojulikana. Turubai 300 na mafunzo ni huduma. Huduma nzuri, inahitajika, sina ugomvi nayo. Lakini mlango wake ni mwingine.

Najua hili linauma, kwa sababu linaonekana kama watu wa ofisini wanacheza na maneno wakati mkulima wa Mangaka anauza karanga zenye ukungu. Basi tuangalie karanga zenyewe.

Sumukuvu inatengenezwa na kuvu, hasa Aspergillus flavus, wanaoishi kwenye udongo. Wanaingia kwenye karanga zikiwa bado ardhini, hasa ukame ukikaza mwishoni mwa msimu na maganda yakapasuka au wadudu wakayatoboa. Baada ya kung'oa wanaendelea, kama karanga zimechelewa kukauka au zimekaushwa chini kwenye vumbi lenye kuvu hao hao. Halafu kuna hatua ambayo vitabu vingi huitaja kwa mstari mmoja tu: kumenya. Ukikaa kibarazani mwezi wa saba au wa nane na akina mama wanaomenya karanga za kuuza, utaona sufuria ya maji pembeni. Ganda kavu linaumiza vidole na linachelewesha kazi, kwa hiyo rundo linanyunyiziwa maji, linafunikwa kidogo, ndipo linamenywa. Karanga iliyokuwa imeshakauka vizuri inarudishiwa unyevu, inatiwa kwenye kiroba, inakwenda ghalani. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa karanga ni mikrogramu 10 za sumukuvu yote kwa kilo, na zisizidi 5 za aina ya B1. Sufuria hiyo inaweza kuharibu kazi yote iliyofanywa shambani.

Sasa mpitiaji wako anajua haya. Anajua pia kwamba kukausha juu ya turubai au kichanja ni bora kuliko kukausha chini. Hilo limepimwa nchi nyingi na liko kwenye miongozo ya ugani. Ukimwambia unataka fedha za kuthibitisha kwamba turubai inasaidia, anaandika "hakuna swali" na ana haki.

Lakini umeshawahi kufuatilia turubai zilizogawiwa misimu iliyopita ziko wapi? Wewe unakwenda vijijini, unajua. Moja imefunika jiko. Nyingine imekwenda kuanikia korosho, kwa sababu korosho ndiyo inayolipa ada ya shule. Ya tatu inafanya kazi kwenye misiba na harusi. Mkulima si mjinga. Amekisogeza kifaa mahali kinapomletea faida zaidi. Na kama mnunuzi anayepita na mizani analipa bei moja kwa karanga safi na chafu, kwa nini mwenye shamba ajihangaishe na safi? Na mama anayelipwa kwa debe aliyomenya, kwa nini aache maji?

Hapo, mwalimu, ndipo kuna mambo yasiyojulikana, na wewe uko karibu nayo kuliko profesa yeyote wa mbali. Nakuonyesha jinsi aya yako ingeweza kugeuka. Uliandika takriban hivi: "Wakulima wa karanga wanakabiliwa na tatizo la sumukuvu kutokana na kukosa turubai na elimu. Mradi huu utawapatia turubai na elimu." Mimi ningeandika: "Katika vijiji vya Masasi na Nanyumbu, karanga huloweshwa ili zimenyeke haraka. Mradi utapima kiasi gani cha sumukuvu huongezeka kati ya kukausha na kuhifadhi kwa sababu ya kulowesha, na kama mashine ya mkono ya kumenyea, ikimilikiwa na kikundi cha wamenyaji wanaolipwa kwa debe, inawafanya waache maji bila kupunguza kipato chao cha siku." Ona kilichotokea. Kuna kitu cha kupima kabla na baada. Kuna kulinganisha: wanaolowesha, wasiolowesha, wenye mashine. Na jibu lolote litakalopatikana lina faida, hata likiwa "hapana, mashine haikusaidia". Andiko ambalo jibu lake linajulikana kabla ya kuanza ni ombi la vifaa.

Huo ni mfano tu, usiunakili ulivyo. Huenda wewe umeona jambo jingine zito zaidi, labda kwa wanunuzi, labda kwenye maghala. Ila kabla hujaandika, tafuta kwanza nini kimeshafanywa. Naliendele ndicho kituo kilichotoa mbegu za karanga zilizoidhinishwa 2009, zile zenye majina ya kwetu kabisa: Mangaka, Masasi, Nachingwea, Naliendele, Mnanje, na kabla yake Pendo ya 1998. Watu wa kule wanajua nani amepima nini katika kijiji gani. Saa mbili za mazungumzo nao zitakuepusha kuomba fedha za jambo lililokwishafanyika kilomita chache kutoka chuoni kwako.

La sampuli ni fupi lakini halisamehewi. Sumukuvu haisambai sawasawa kwenye gunia. Inaweza kuwa karanga moja katika elfu ndiyo imebeba karibu sumu yote. Ukichota kikombe juu ya gunia, kwa bahati utaikosa na kusema gunia ni safi, au utaikamata na kusema gunia zima ni sumu. Ndiyo maana sampuli 20 za kikombe kimoja kimoja kwa wilaya mbili hazisemi kitu. Unachota kidogo kidogo sehemu nyingi za gunia, juu, katikati, chini, unakusanya kilo kadhaa, unasaga zote pamoja, unachanganya, ndipo unatoa kiasi cha kupeleka maabara. Idadi ya kaya usiibunie. Mtafute mtakwimu akukokotolee, kisha andika sentensi inayoeleza namba imetokana na nini. Nimekaa kwenye majopo ambako andiko zuri lilianguka hapo hapo, kwa sababu mwandishi aliweka "wakulima 100" kwa kuwa 100 ni namba nzuri.

Ratiba nayo. Kusini tuna msimu mmoja wa mvua. Karanga zinapandwa Desemba au Januari, zinang'olewa Aprili na Mei, zinakauka, zinamenywa na kuuzwa kuanzia Juni na kuendelea. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai na kufungwa 30 Juni. Chora mistari hiyo miwili kwenye karatasi moja uone. Ukiandika mradi wa mwaka mmoja, unafunga vitabu siku ambazo karanga ndiyo kwanza zinaingia ghalani, yaani pale pale tatizo lako linapoanza kuiva. Tena fedha hazifiki Julai. Kuna kusaini mkataba, kuna kufungua kifungu, kuna awamu ya kwanza kuchelewa. Ukipanga kupanda Desemba na fedha zikaingia Februari, umepoteza msimu mzima na mtoa fedha anataka ripoti.

Panga hivi: andiko la miezi 24 kama mwito unaruhusu, miezi ya mwanzo iwe ya vibali, kuchagua vijiji na kufundisha wapimaji, kazi ambazo fedha zikichelewa haziozi, na andika wazi utafanya nini ikiwa awamu ya kwanza itavuka Desemba. Swali la kumenya nililokutolea mfano lina bahati hapa, maana linaanza baada ya mavuno, si kwenye kupanda. Kama mwito haukubali zaidi ya miezi 12, chukua kipande kimoja tu cha swali, kile kinachoangukia kati ya Julai na Novemba, uache kingine.

Na kama kuna mtu anadhani haya ya kupima kwanza ni urasimu, atembee Nachingwea. Mwaka 1946 timu iliyotumwa kutoka Uingereza ilizunguka kwa wiki chache tu, ikaandika ripoti, na mwaka uliofuata serikali ya huko ikaanza mradi wa karanga wa mamilioni ya ekari Kongwa, Urambo na Nachingwea. Hawakuijua mvua, hawakuujua udongo, hawakufanya majaribio ya maana kabla ya kuleta matrekta. Ukafungwa 1951, baada ya kutumia pauni zipatazo milioni 36. Bandari ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya mradi ule, nayo ipo. Reli ya kwenda Nachingwea iling'olewa. Sijui kama kuna ukanda mwingine duniani unaoweza kumfundisha mtu kwa karanga zile zile kwa nini shamba la majaribio huja kabla ya turubai 300.

Haya, la kujuana. Sitakudanganya kwamba kila meza ni safi. Mifuko mingi ina utaratibu wa mpitiaji kutamka kama anamfahamu mwombaji na kutoka nje ya chumba andiko hilo likijadiliwa. Mahali unaposimamiwa unafanya kazi, na mahali usiposimamiwa watu wanajua. Lakini sehemu kubwa ya kile wenzako wanachokiita kujuana ni kitu cha kawaida zaidi. Watu wa vyuo vikuu wana ofisi nzima inayofuatilia miito, wana mhasibu aliyezoea fedha za miradi, wana machapisho, wana andiko la mwaka jana la kuazima muundo. Mpitiaji anapojiuliza "huyu anaweza kufika?", wanajibu kwa karatasi tano. Wewe ulijibu kwa nia njema. Hilo si haki kwa vyuo vidogo, na nchi nyingine zimetenga mafungu maalumu kwa ajili yao. Kwako dawa iliyo mkononi ni kushirikiana.

Usiombe peke yako. Tafuta mtafiti wa karanga Naliendele awe mtafiti mwenza, na mtu wa maabara au mtakwimu kutoka SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, au chuo kingine. Watu wanaogopa kwamba wakubwa wataula mradi na wao kubaki wabeba mizigo. Hofu hiyo ina msingi, kwa hiyo malizeni mambo kabla ya kusaini: nani kiongozi, nani anashika fedha gani, jina la nani linatangulia kwenye chapisho. Andikeni. Wewe una kitu wasichokuwa nacho: wanafunzi wa stashahada wanaokwenda mafunzo kwa vitendo kila mwaka, wanaojua lugha ya kijiji na watakaorudi kufanya kazi ya ugani. Kama mwito unataja utafiti pamoja na elimu, hiyo ndiyo karata yako kubwa. Ila usiitupe kwa sentensi ya "wanafunzi watanufaika". Sema wanafunzi wangapi watafundishwa kuchukua sampuli, nani atawapima kama wanaweza, na somo hilo litaingia wapi kwenye mtaala baada ya fedha kwisha.

Kuhusu bajeti, ondoa pikipiki, au ieleze vizuri. Pikipiki ni ya halali kama vijiji vyako viko mbali na chuo hakina usafiri, lakini mpitiaji akiona chombo cha moto na posho zimechukua nusu ya fedha, huku vipimo vya sumukuvu, ambavyo ndivyo roho ya mradi, vimepewa mabaki, anafunga jalada. Pata bei ya kipimo kutoka maabara kwa maandishi, zidisha kwa idadi ya sampuli, ongeza usafirishaji, ndipo uone kilichobaki kwa mengine. Halafu mpelekee mhasibu wa chuo kabla ya kutuma, si baada. Atakuambia manunuzi yatapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi ya mtandaoni, na yana muda wake. Atakuambia masurufu ya safari ya kwanza yasiporejeshwa na risiti zake hupati ya safari ya pili. Na mkuu wa chuo ndiye atakayesaini, kwa sababu ruzuku hizi kwa kawaida zinapewa taasisi, hazipewi mtu. Maandiko mengi hufa kwenye mchujo wa kwanza wa kiutawala, kabla mtaalamu hajayaona: sahihi ya mkuu haipo, bajeti imezidi ukomo kwa laki moja, faili limetumwa saa tano usiku siku ya mwisho na mtandao ukagoma.

Kijana wa laki mbili mwache. Kuomba ruzuku ya serikali ni bure. Malipo halali ya serikali hupita kwa kumbukumbu namba ya malipo, hayapiti kwenye namba ya simu ya mtu. Na hata kama ni mwandishi wa kweli, andiko "linalopita" halipo: akikuuzia wewe atawauzia na wengine kumi, na jopo lile lile litayasoma yote yakiwa na aya zinazofanana. Kumlipa mhariri anyooshe Kiingereza ni jambo jingine kabisa, halina ubaya. Kumkabidhi mtu swali lako ni kujikaanga, maana siku ya mahojiano utaulizwa wewe.

Kuhusu Marekani: fedha za ushindani za utafiti za Wizara yao ya Kilimo kwa kawaida zimewekwa kwa ajili ya taasisi za huko. Chuo cha Mtwara hakiwi mwombaji mkuu wa AFRI. Unaweza kuingia kama mshirika chini ya chuo kikuu cha kwao, ikiwa wao wana haja na wewe, na hilo linaanza na mtafiti kumwandikia mtafiti, si wakala wa WhatsApp. Mwaka 2025 pia walisitisha sehemu kubwa ya miradi ya utafiti wa kilimo iliyokuwa ikipitia misaada yao ya nje, kwa hiyo sasa hivi si mahali pa kuegemeza matumaini. Kitu kimoja cha kwao unaweza kukiiga bila kuomba kibali: baadhi ya ruzuku zao zinadai mradi uunganishe angalau mambo mawili kati ya utafiti, elimu na ugani, na kila kimoja kiwe na kazi yake, matokeo yake na fedha yake ndani ya bajeti. Ukilipanga andiko lako hivyo, mpitiaji wa hapa hatajiuliza mafunzo yanatafuta nini ndani ya utafiti.

Na zile turubai? Usizitupe. Zipelekee mlango wake: idara ya kilimo ya halmashauri, au kupitia vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu kwenye mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Ni mkopo, unarudishwa, kwa hiyo kikundi kiwe na biashara ya karanga inayoeleweka. Kama moyo wako wote uko kwenye kuwafikishia watu vifaa haraka, na si kwenye kupima, basi sema hivyo bila aibu na uiache ruzuku ya utafiti kabisa. Itakula miaka miwili ya maisha yako, ripoti kila robo mwaka, kufukuzana na risiti. Kuna wakufunzi wazuri sana ambao kazi hiyo haiwafai.

Ukiamua kuendelea, kuna mambo ambayo hayamalizwi kwa kuandikiana. Nenda Naliendele mwenyewe ukiwa na ukurasa mmoja tu, swali na hatua za kulijibu, usiende na andiko zima. Nenda kwa mhasibu wako. Nenda ofisi ya halmashauri ya Masasi na ya Nanyumbu uulize vibali vya kuingia vijijini vinapatikanaje na kwa muda gani, kwa kawaida barua inashuka kutoka mkoa hadi wilaya hadi kwa mtendaji wa kijiji, na msimu hausubiri barua. Kwa kuwa utawahoji watu kuhusu kipato chao, na huenda ukawaambia chakula wanachokula kina sumu, uliza mapema kuhusu idhini ya maadili ya utafiti: ukikuta kaya yenye karanga zilizovuka kiwango mara nyingi, utawaambia nini, na karanga hizo utazifidiaje? Jopo makini litauliza, na jibu lake hulipati kwenye andiko la kuazima.

Kabla ya yote hayo, waandikie walioendesha mwito wa mwisho uombe maoni kamili ya wapitiaji pamoja na alama, kama yapo. Andika kwa adabu, kwa barua ya chuo, bila kulalamika. Yakija, nenda nayo kwenye kikao cha idara muyasome kwa sauti, hao wanaokucheka wakiwepo. Yupo mmoja kati yao ambaye ana andiko kwenye droo.